Kiharusi, panya wa maabara na chumba chenu cha kulala

"Daktari, mume wangu ana miaka 54, alikuwa dereva wa matatu. Mwezi wa pili alipata stroki, upande wa kulia ukalegea na maneno yakawa yanamtoka kwa shida. Sasa ni miezi minane. Tunaishi Umoja, Nairobi, ghorofa ya tatu, lifti hakuna, na ngazi anapanda mwenyewe akipumzika mara moja. Mkono ndio bado. Tangu atoke hospitali tumejaribu tendo la ndoa mara mbili. Ilisimama kidogo ikalala, akageukia ukuta. Lakini alfajiri nikiamka kuwapikia watoto chai naona iko sawa kama zamani. Nilisoma kwenye simu kwamba watafiti waliwapa panya stroki wakaacha kupanda majike, na kwamba kuna sehemu ya ubongo ikiharibika dume hapandi tena maisha yake yote. Je, ndiyo basi? Mama mkwe anasema nimwache, tendo hilo litamrudishia stroki. Rafiki yake wa stejini amemletea vidonge vya mitishamba kutoka mjini. Dawa zake ni atenololi, haidroklorothiazidi, aspirini, ya kolesteroli, na kimoja kidogo cha usiku cha maumivu ya bega, amitriptilini. Kliniki naona aibu kuuliza, chumba kimoja tunaingia watu watatu."

Dada yangu, katika swali lako lote kuna sentensi moja uliyoipitia mbio, nami ndiyo niliyoipigia mstari: kwamba alfajiri iko sawa kama zamani. Ishike hiyo. Tutairudia tukishamalizana na panya, maana naona panya ndio waliokunyima usingizi.

Kabla ya panya, kuna neno hukulisema ila nina hakika umeshaambiwa: kwamba "mshipa umekatika". Hakuna mshipa wa nguvu za kiume unaokatwa na kiharusi. Kilichotokea mwezi wa pili kilitokea kichwani. Mshipa wa damu unaolisha upande wa kushoto wa ubongo uliziba, au kwa wagonjwa wachache zaidi ulipasuka. Upande huo wa kushoto ndio unaoendesha mwili wa kulia, na kwa watu wengi ndio wenye lugha, kwa hiyo mkono, mguu na maneno vilimwondoka siku moja. Uume haukuguswa. Mishipa yake inaweza kuwa ilishachakaa taratibu kwa miaka ya presha, lakini hilo ni jambo jingine na nitalifikia.

Sasa panya. Namna inayotumika sana maabara tangu mwaka 1989 ni hii: panya analazwa kwa dawa ya usingizi, mshipa mkubwa wa shingo unafunguliwa, kisha uzi mwembamba wa nailoni unasukumwa juu mpaka uzibe mlango wa mshipa wa kati wa ubongo, ule ule unaoziba mara nyingi kwa binadamu. Uzi unaachwa saa moja au mbili, halafu unavutwa. Panya akiamka, upande mmoja umelegea, na akitembea anazunguka kama anayetafuta kitu alichoangusha.

Kupima tendo, dume anawekwa kizimbani katika mwanga hafifu pamoja na jike aliyedungwa homoni ili awe tayari kupandwa. Jike anarukaruka mbele yake akitikisa masikio. Mtafiti anakaa na saa na daftari, anahesabu: dume alichelewa dakika ngapi kupanda, amepanda mara ngapi, ameingiza mara ngapi. Panya mzima huingiza mara kumi hivi, kila mara kwa muda mfupi mno, ndipo amwage. Akimaliza hukaa pembeni akitoa mlio mrefu ambao sikio la mtu haliusikii, mashine ndiyo inayounasa.

Nimekupeleka hadi kizimbani ili uone ni nini kinachohesabiwa. Panya dume hupanda kwa kumkamata jike kiunoni kwa miguu miwili ya mbele. Sasa mlegeze mguu mmoja wa mbele, kisha hesabu amepanda mara ngapi. Daftari litaandika "amepungua", wala halitajua kama amekosa hamu au amekosa mkono. Wewe mwenyewe umeniambia mkono wa mumeo ndio bado.

Na kuna hila nyingine ndani ya uzi ule. Kwa panya, uzi ukipita na kukaa muda mrefu, huziba pia vijishipa vinavyolisha haipothalamasi, sehemu iliyo chini katikati ya ubongo inayosimamia joto la mwili, njaa, kiu na homoni. Watafiti waligundua hilo kwa sababu joto la miili ya panya wao lilipanda bila kuwa na ugonjwa wowote wa homa. Kwa binadamu mshipa wa kati ukiziba, eneo hilo kwa kawaida linabaki salama, kwa kuwa linalishwa na vijishipa vya njia nyingine. Kwa hiyo panya aliyeacha kupanda baada ya kiharusi cha maabara huenda amepoteza kitu ambacho mume wako hajapoteza.

Ile habari ya "hapandi tena maisha yake yote" nayo ni ya kweli, ila inatoka kwenye jaribio tofauti kabisa ambalo halihusu kiharusi. Mbele ya haipothalamasi kuna kipande ambacho kwa panya ni kidogo kuliko punje ya mchele. Tangu miaka ya 1960 inajulikana kwamba ukikiunguza kwa waya wa umeme, dume huacha kupanda, na matokeo ya namna hiyo yameonekana kwa paka, mbwa, mbuzi na nyani. Lakini kinaunguzwa pande zote mbili, kushoto na kulia, kwa makusudi na kwa vipimo. Kiharusi hakifanyi kazi kwa usahihi huo, na cha mumeo kimepiga upande mmoja.

Sehemu ya jaribio hilo ninayoipenda zaidi ndiyo isiyofika kwenye simu za watu. Mwaka 1978 watafiti waliwafanyia hivyo nyani madume wa aina ya rhesus. Madume wakaacha kupanda majike, ila walipokuwa peke yao waliendelea kujichua kama kawaida. Baadaye panya walioharibiwa eneo hilo hilo walikutwa bado wanabonyeza kidude mara nyingi ili waletewe jike, na jike akishafika hawajui wamfanyeje. Hamu ilikuwepo, uwezo wa kusimama ulikuwepo, na kilichokatika kilikuwa daraja la kutoka kwenye hamu hadi kwenye tendo na mwenzake.

Kwa hiyo usiuwazie ubongo kama nyumba yenye swichi moja ya mapenzi iliyozimwa mwezi wa pili. Hamu ina njia zake, ambazo hutegemea sana dopamini, kemikali inayobeba ujumbe ndani ya ubongo, na testosteroni, homoni ya kiume. Kusimama kuna njia zake. Kufika kileleni kuna mtambo wake kabisa, chini kwenye uti wa mgongo: mwaka 2002 watafiti waliua kundi dogo la seli katika uti wa mgongo wa panya, na panya hao wakawa wanapanda na kuingiza vizuri tu bila kumwaga. Ubongo uko juu ukikanyaga mafuta na breki, na mume wako dereva ataielewa lugha hii kuliko mimi. Breki zenyewe zinajulikana zilipo. Karibu na mwaka 1990 watafiti walionyesha kwamba kuna kundi la seli chini kabisa ya ubongo wa panya linaloizuia kazi ya uti wa mgongo, na ukiliondoa, uti unafanya kazi kwa urahisi zaidi.

Sasa turudi alfajiri. Mwanamume akiwa usingizini, katika vipindi vya ndoto, breki hizo hulegea na uume husimama wenyewe, awe anaota mapenzi au anaota anakimbizwa na kanjo, wale askari wa jiji. Ili usimame lazima neva zifike, zitoe hewa iitwayo nitriki oksaidi, misuli laini ya mishipa ilegee, damu iingie na ifungiwe ndani. Ukiniambia alfajiri iko sawa kama zamani, umeniambia kwamba mabomba, pampu na nyaya za chini vinafanya kazi. Haithibitishi kila kitu, lakini kliniki nikisikia hivyo huwa nahamisha macho kutoka kwenye uume na kutazama vitu viwili: dawa na hofu.

Nianze na hofu, maana hapo panya wanasema jambo la ajabu. Kuna jaribio ambalo madume wazima, wasio na kiharusi wala kovu lolote la ubongo, walidungwa dawa ya kuwatibua tumbo kila walipomaliza tendo. Baada ya marudio kadhaa wakaacha kupanda. Lakini waliendelea kumkimbilia jike na kukaa karibu naye kama mwanzo. Wangali wanamtaka, ila mwili umejifunza kwamba mwisho wa jambo hili ni mbaya. Mumeo alijaribu mara ya kwanza ikalala. Mara ya pili alikuja kitandani akiwa na kumbukumbu hiyo, pamoja na sauti ya mama yake, na mkono usiomsaidia kujiinua. Hofu hutoa adrenalini, adrenalini hukaza misuli ile ile inayotakiwa kulegea, damu inatoka. Ikasimama kidogo ikalala. Kugeukia ukuta hakukuwa kukukataa wewe.

Kwa binadamu tuna ushahidi unaokwenda upande huo huo. Mwaka 1999 madaktari wa Finland waliwauliza wagonjwa 192 waliopata kiharusi, pamoja na wenzi 94. Wengi walisema hamu imepungua, kusimama kumepungua, na kwa wanawake ute umepungua (ndiyo, kina mama nao hupata kiharusi, na wao huulizwa habari hizi mara chache zaidi). Lakini mambo yaliyoambatana sana na upungufu huo yalikuwa mtazamo wao kuhusu mapenzi, kuogopa kushindwa, na kutoweza kulizungumza jambo lenyewe na mwenzi. Kuna pia sonona: takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu huipata baada ya kiharusi. Mtu haonekani akilia. Anakaa tu, hataki redio, hataki mpira, chakula anakisogeza pembeni. Kama mumeo yuko hivyo siku nyingi, sonona hiyo itibiwe kwanza. Umwambie daktari na kuhusu chumbani, kwa sababu baadhi ya dawa za sonona, kama fluoxetini na setralini, huchelewesha kilele na kupunguza hamu. Zipo nyingine zisizofanya hivyo sana.

Dawa sasa. Orodha uliyonitumia ina tatu ambazo kila moja, kwa baadhi ya wanaume, hulegeza mambo. Atenololi ni ya kundi la dawa za presha zinazolaumiwa kwa hili miaka mingi. Haidroklorothiazidi, hicho kinachompeleka chooni asubuhi, nayo imo. Na amitriptilini ya usiku hupunguza hamu na kusimama, hasa dozi ikiwa kubwa. Sisemi ndizo zilizosababisha, nasema ni tatu kwenye sahani moja, na ndilo jambo rahisi kuliko yote kubadilisha. Kuna dawa za presha ambazo kwa kawaida haziingilii chumba cha kulala, kama losatani na amlodipini, na zote mbili zinapatikana hapa bila shida. Daktari akiona inafaa, anaweza kupanga upya.

Lakini nakuomba kama ndugu: usimwachishe hata kidonge kimoja mwenyewe. Atenololi ikikatwa ghafla, moyo na presha vinaweza kupanda kwa fujo, na presha ndiyo iliyotuleta hapa. Nimemwona mzee aliyeacha dawa zake zote wiki mbili kabla ya sikukuu ili "awe mwanamume" mkewe akija kutoka ushago. Alirudishwa kwetu upande wa pili umelegea.

Sasa mama mkwe. Anaogopa kwa upendo, usimjibu vibaya. Tendo la ndoa kwa wenzi waliozoeana humtoa mtu jasho kiasi cha kupanda ngazi za ghorofa mbili kwa mwendo wa kawaida. Presha hupanda karibu na kilele na kushuka ndani ya dakika chache. Mumeo anapanda ghorofa ya tatu. Anapumzika mara moja, na hapo ndipo ningependa kujua: anapumzika kwa sababu mguu umechoka, au kifua kinabana na pumzi inaisha? Mguu si tatizo. Kifua ni tatizo, akapimwe moyo kwanza. Presha ikiwa imedhibitiwa na kifua kiko sawa, miezi minane baada ya kiharusi cha kuziba hakuna sababu ya kumwogopesha. Kama kilikuwa cha kuvuja damu, uliza kliniki kama chanzo cha kuvuja kilitafutwa na kutibiwa kabla hamjaendelea. Kwenye karatasi ya picha ya kichwa imeandikwa ni kipi.

Vidonge vya rafiki wa stejini, hapana. Sizungumzi kwa dharau ya mitishamba. Mamlaka ya dawa ya Marekani imekuta mara nyingi sana vidonge vinavyouzwa kama vya asili kumbe ndani vimetiwa sildenafili, dawa iliyo ndani ya Viagra, bila kuandikwa na bila kipimo kinachojulikana. Mgonjwa wa kiharusi akimeza dozi asiyoijua juu ya dawa zake za presha, presha inaweza kuporomoka, na ubongo ulioponea chupuchupu hautaki kukosa damu tena. Akiwa na dawa ya moyo ya kuweka chini ya ulimi ni hatari zaidi: hizo mbili hazichanganywi kabisa.

Sildenafili yenyewe, ikiandikwa na daktari, ni habari tofauti. Ilipitishwa Marekani mwaka 1998, na kazi yake ni kuzuia kile kinachozimisha ujumbe wa nitriki oksaidi, ili damu ikae. Haileti hamu. Kwa mtu aliyepata kiharusi au shambulio la moyo ndani ya miezi sita iliyopita haikufanyiwa majaribio ya kutosha, ndiyo maana huwa tunangoja. Mumeo ameshapita hapo, kwa hiyo ni jambo la kujadiliwa, akipimwa presha na moyo na orodha yake ya dawa ikiwa mezani. Utakutana pia na watu wanaokuambia Viagra inatibu kiharusi. Wametoa hilo kwenye utafiti wa 2002 ambapo panya waliopewa sildenafili baada ya kiharusi walipona vizuri zaidi na kuota seli mpya za neva. Panya hao walikuwa na bahati yao. Kwa binadamu haijawa tiba ya kiharusi.

Wakati mnasubiri siku ya kliniki, kuna mambo ya nyumbani. Chagueni asubuhi, si usiku. Uchovu baada ya kiharusi ni uchovu wa kweli, na saa nne usiku baada ya mazoezi ya mkono na kelele za watoto hana kitu. Jumamosi watoto wakiwa nje, baada ya kupumzika, ana nafasi. Asiutegemee mkono: alale ubavu, mto nyuma ya mgongo na mwingine chini ya mkono wa kulia ili bega lisivutike, au alale chali na wewe uwe juu. Bega la upande uliolegea huumia kirahisi, na maumivu ya ghafla huzima kila kitu. Apite chooni kwanza. Upande wa kulia anaweza kuwa hahisi vizuri, kwa hiyo mguse kushoto. Na kwa wiki mbili tatu kubalianeni kwamba hakuna kuingiza, ni kushikana tu. Najua inasikika kama ushauri wa kitoto kwa watu wa miaka yenu. Lakini yule panya wa tumbo kutibuka alijifunza kwa marudio, na mumeo naye ajifunze kwa marudio kwamba mwisho wa jambo hili si aibu. Maneno yake yakiwa bado mazito, muulize maswali ya ndiyo na hapana, tena mchana, si mkiwa tayari kitandani.

Usingoje kliniki ya kawaida kama alfajiri nayo inaanza kupotea, kama hamu imekufa kabisa pamoja na nguvu za mwili, kama kuna maumivu ya kifua akijitahidi, au mkojo umeanza kumponyoka. Hapo atahitaji kupimwa sukari, homoni ya testosteroni kwa damu ya asubuhi, na moyo. Na kama wakati wowote, hata katikati ya tendo, uso utakwenda upande, mkono ukaanguka, maneno yakaharibika, au kichwa kikapasuka kwa maumivu ya ghafla ambayo hajawahi kuyapata, msitafute maji ya kunywa wala maombi ya simu. Mchukueni mara moja mpaka hospitali yenye mashine ya kupiga picha ya kichwa. Dawa ya kuyeyusha donge ina dirisha la saa nne na nusu tu tangu dalili zianze, na msongamano wa Jogoo Road saa za jioni mnaujua.

Kuhusu chumba chenye watu watatu, aibu yako naielewa, na si kosa lako kwamba chumba kiko hivyo. Chukua karatasi, andika mistari minne: "Tangu stroki tendo la ndoa limeshindikana. Alfajiri inasimama. Dawa anazomeza ni hizi. Tunaomba dawa zake ziangaliwe." Ikunje, iweke ndani ya kitabu chake cha kliniki kwenye ukurasa wa tarehe ya siku hiyo, na umpe daktari kitabu kikiwa kimefunguliwa hapo.